Hal Newhouser hakubebwa na vita

Hotuba hii ilitolewa mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili hapa magharibi mwa Michigan. Tunaiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojazana huko nyuma karibu na mlango: salaam aleikum, na Bwana asifiwe. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu na kuja.

Nimeombwa nizungumzie besiboli. Naijua sababu. Watoto wetu siku hizi wanarudi kutoka shuleni na glavu mkononi, na sisi wazazi tunaulizana jikoni: huu ni mchezo gani, watu wamesimama tu, halafu ghafla wote wanakimbia? Ningeweza kuwasomea kanuni mpaka usiku. Sitafanya hivyo. Nitawaeleza habari za mtu mmoja, mtoto wa Detroit, mtoto wa wahamiaji kama hawa wetu, aliyeitwa Hal Newhouser. Nimemchagua kwa sababu alitendewa jambo ambalo linaniuma hadi leo. Alifanya kazi kubwa, kisha kwa karibu miaka 40 watu wakasema: aah, yule alibebwa na vita, ile Vita Kuu ya Pili.

Alibebwa? Shikeni neno hilo, maana jioni hii nataka kuliangalia kwa makini.

Kwanza, kwa wageni wa mchezo, nipeni dakika moja. Katika besiboli anayeanzisha kila kitu ni mrushaji. Anasimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, mita 18 na kidogo kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, anayempa mrushaji ishara za mpira upi arushe. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Mrushaji akirusha nje ya eneo mara nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Timu zinapokezana kwa zamu tisa, na anayezunguka vituo vyote akarudi alipopigia ameingiza pointi. Mrushaji akiwa mkali, wapinzani wanaweza kumaliza zamu zote tisa bila pointi hata moja. Akiharibu, wenzake wawe hodari vipi, wamekwisha. Mfikirieni golikipa anayepigiwa penalti kuanzia mwanzo wa mechi hadi mwisho. Ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tumtazame mtu wetu.

Newhouser alizaliwa Detroit tarehe 20 Mei 1921. Baba yake alihamia kutoka nchi iliyokuja kuitwa Czechoslovakia, mama yake alitoka Austria. Utoto wake uliangukia kwenye ule mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, viwanda vya Detroit vilipofunga milango na baba wa familia wakabaki wamekaa barazani. Kijana akauza magazeti, akaokota chupa tupu za soda ili azirudishe dukani apewe senti. Kuna watu humu ndani wamefanya kazi hiyohiyo, wengine Bujumbura, wengine Nyarugusu, wengine hapahapa. Mnaijua.

Alikuwa mrefu, mwembamba, anarusha kwa mkono wa kushoto. Timu ya ligi kuu ya mji huo ni Detroit Tigers, na msaka vipaji wao, mzee mmoja aliyeitwa Wish Egan, alikuwa amemfuatilia tangu akicheza kwenye viwanja vya mitaani. Akamsainisha kwa dola 500. Kwa familia ile dola 500 zilikuwa fedha nyingi sana. Lakini inasimuliwa kwamba wino ulikuwa haujakauka vizuri, akafika msaka vipaji wa timu ya Cleveland na ofa yake: dola 15,000, na gari jipya kwa ajili ya baba.

Wazazi, hebu jiwekeni kwenye nafasi ya yule baba. 500 mfukoni, na 15,000 zimesimama mlangoni zikiwa zimechelewa! Hakuna lililoweza kufanyika. Kijana ameshasaini. Nawaomba mkikumbuke kisa hiki, kwa sababu kitarudi miaka zaidi ya 50 baadaye, kwa sura nyingine, tena si mbali na hapa tulipokaa.

Tarehe 29 Septemba 1939, akiwa na miaka 18 tu, alipanda kichuguu cha timu ya mji wake. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Je, alitunzwa? Mwanzoni hapana, na kosa halikuwa la Detroit. Kosa lilikuwa la hasira zake.

Vijana, sikilizeni hapa.

Mkono wa Newhouser ulikuwa wa ajabu, lakini ulimi na uso wake vilikuwa vya moto. Mwenzake akidondosha mpira, alimgeukia palepale uwanjani na kumkodolea macho mbele ya maelfu ya watu. Mwamuzi akimnyima haki, alichemka, na akichemka mipira ilitawanyika. Kuna siku kocha alimtoa katikati ya mechi. Inasimuliwa kwamba alikwenda hadi chumba cha kubadilishia nguo, akalikuta kreti la Coca-Cola limejaa, akaanza kuchukua chupa moja baada ya nyingine na kuzipasua ukutani. Chupa. Chupa. Chupa. Mpaka kreti likaisha. Mtoto aliyeokota chupa tupu barabarani ili apate senti, leo anavunja zilizojaa! Kila nikifika hapo nasikia uchungu, kwa sababu naona kijana asiyejua aipeleke wapi aibu yake.

Wenzake wakaanza kuona tabu kucheza nyuma yake. Hesabu zikasema vilevile. Tangu 1939 mpaka mwisho wa msimu wa 1943 alishinda mechi 34 na kupoteza 52. Mwaka 1943 peke yake alishinda 8 akapoteza 17, na akaongoza ligi nzima kwa kuwatembeza wapigaji bure, mara 111. Ningekuwa kocha siku zile, sijui kama ningemvumilia.

Lakini mwaka huohuo wa 1943 akaja Detroit mdakaji mmoja kutoka Texas, Paul Richards. Umri wake kwenye mchezo ulikuwa umekwenda, miaka 34. Alikuwa ameshaondoka ligi kuu na kuwa kocha wa timu ya ligi ndogo kule Atlanta. Vita ilichukua vijana, timu zikawaita wazee. Basi Richards akarudi, akachuchumaa mbele ya yule kijana mwenye hasira, na akaona ambacho wengine hawakukiona. Aliona kwamba mkono hauna ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa haraka.

Akafanya nini? Alimfundisha kupumua kati ya mpira mmoja na mwingine. Alimfundisha kumwacha mwenzake aliyekosea akosee, bila kumgeukia. Alimwongezea mpira mpya, ule unaokuja kana kwamba umenyooka halafu, karibu kabisa na gongo, unateleza pembeni. Na alimfundisha kwamba si kila mpira ni wa kurusha kwa nguvu zote. Hayo aliyafanya siku baada ya siku, akiwa mtu mzima anayejua kwamba sifa hazitakuwa zake.

Mwaka 1944, kijana yuleyule, mkono uleule: ushindi 29, kupoteza 9. Wale wapigaji wa kutembea bure, ambao mwaka uliotangulia walikuwa 111 ndani ya zamu 195, sasa wakawa 102 ndani ya zamu 312. Mwenzake Dizzy Trout alishinda 27. Watu wawili, mechi 56, katika ushindi 88 wa timu nzima! Kwenye kura za mchezaji bora wa ligi, Newhouser akampita Trout kwa alama 236 dhidi ya 232. Ubingwa wa ligi ukawaponyoka Tigers siku ya mwisho kabisa, ukaenda kwa St. Louis Browns kwa tofauti ya mechi moja.

Mwaka 1945, ushindi 25 na kupoteza 9. Wastani wa pointi alizoruhusu kwa kila mechi ya zamu tisa ulikuwa 1.81, mdogo kuliko wote kwenye ligi yake. Waliotolewa kwa kukosa mara tatu walikuwa 212, wengi kuliko wa mrushaji mwingine yeyote. Akawa mchezaji bora tena. Mpaka leo ninaposimama hapa, hakuna mwingine aliyewahi kuchukua tuzo hiyo miaka miwili mfululizo kwa kurusha tu. Hakuna.

Na hapo ndipo neno lile linapoingia. Alibebwa.

Ndugu zangu, nataka niwatendee haki wanaosema hivyo, kwa sababu hoja yao ina miguu. Vita Kuu ya Pili ilipowafikia Wamarekani Desemba 1941, Bob Feller wa Cleveland, mrushaji aliyeogopwa kuliko wote, alijiunga na jeshi la majini mara moja. Ted Williams akaenda. Joe DiMaggio akaenda. Hank Greenberg, mpigaji mkuu wa Detroit yenyewe, akaenda. Rais Roosevelt aliandika barua Januari 1942 akisema ni vizuri mchezo uendelee ili watu wanaofanya kazi kwa saa nyingi wapate pa kupumzisha akili. Ukaendelea, lakini na nani? Cincinnati walimrushisha mtoto wa miaka 15, Joe Nuxhall, mwaka 1944. St. Louis Browns mwaka 1945 walikuwa na Pete Gray, aliyecheza kwa mkono mmoja, na namheshimu mno mtu huyo. Ilipofika fainali ya 1945, pale mabingwa wa ligi mbili wanapokutana, kati ya Detroit na Chicago Cubs, mwandishi mmoja wa Chicago alipoulizwa nani atashinda, alijibu kwamba haoni kama yupo kati yao anayeweza kushinda.

Basi wakasema: mtu akitawala uwanja wa namna hiyo, ametawala nini?

Nawajibu, na nitawajibu polepole.

Kwa nini Newhouser hakuwa vitani? Je, alijificha? Alitoroka? Hapana. Alikuwa na valvu ya moyo isiyofunga vizuri. Alikwenda kujiandikisha, madaktari wa jeshi wakamkataa. Akarudi tena, wakamkataa tena. Ilikuwa imepangwa hata aapishwe kuwa askari wa anga akiwa juu ya kichuguu chake, ndani ya uwanja wa Briggs, mbele ya mashabiki wake. Uchunguzi wa moyo ukaifuta sherehe hiyo. Mtafakarini kijana wa miaka 21 anayerusha mpira mbele ya umati ambao kila nyumba ina mtu vitani, naye anaonekana mzima wa afya, mrefu, ana nguvu. Moyo hauonekani kwa nje. Angemweleza nani, na mara ngapi? Sisi tulio humu, ambao mara nyingi tumehukumiwa kwa karatasi tusizoziandika wenyewe, tunajua uzito wa jambo hilo.

Halafu, vita iliwaondoa wapinzani wake tu? Iliwaondoa na wenzake! Greenberg hakuwepo hadi Julai 1945. Virgil Trucks, mrushaji mwenzake, alikuwa jeshi la majini. Wale waliosimama nyuma ya Newhouser kudaka mipira walikuwa ni wale wale waliosalia, kama walivyokuwa waliosimama mbele yake na gongo. Mbona hilo halihesabiwi?

Na Greenberg aliporudi, ilikuwaje? Tarehe 30 Septemba 1945, kule St. Louis, mvua, giza linaanza kuingia, Tigers wanahitaji ushindi mmoja wauchukue ubingwa wa ligi. Trucks ndiye aliyeanza, siku chache tu tangu avue sare za jeshi. Newhouser akaingia kumpokea. Zamu ya tisa, Tigers wako nyuma 3 kwa 2, vituo vyote vitatu vina watu, na Greenberg amesimama na gongo, mtu aliyekuwa jeshini karibu miaka minne ya maisha yake. Akaupiga mpira ukavuka uzio. Pointi nne kwa pigo moja, 6 kwa 3. Aliyekwenda vitani na aliyekataliwa vitani waliuchukua ubingwa pamoja. Mimi siku hiyo naihesabu kuwa nzuri kuliko zote katika historia ya timu ile, na wenzangu wengine hapa Michigan wanabishana nami.

Kwenye fainali yenyewe, World Series, Newhouser alianza kwa aibu. Mechi ya kwanza alitandikwa, akatolewa kabla zamu ya tatu haijaisha, Detroit wakalala 9 kwa 0 mbele ya watu wao. Yule kijana wa kreti la chupa angefanya nini? Mnajua angefanya nini. Huyu wa Richards alirudi mechi ya tano akashinda 8 kwa 4. Kisha tarehe 10 Oktoba 1945, mechi ya saba, ya kuamua, Chicago kwenye uwanja wa Wrigley, akiwa amepumzika siku mbili tu, alirusha zamu zote tisa. Na nani aliyepiga pigo kubwa la kuingiza pointi tatu kwenye zamu ya kwanza? Paul Richards! Ikaisha 9 kwa 3. Cubs hawakuionja tena fainali hadi mwaka 2016.

Sawa, wakasema, tusubiri 1946.

Mwaka 1946 wote walirudi. Feller alirudi. Williams alirudi. DiMaggio alirudi. Huo ndio mtihani wa kweli, au siyo? Kama alibebwa, hapo ndipo angedondoshwa. Basi sikilizeni: ushindi 26, kupoteza 9. Wastani wa pointi 1.94, mdogo kuliko wa kila mrushaji wa ligi ile. Waliokosa mara tatu mbele yake walikuwa 275, wengi kuliko miaka ile ya vita. Feller naye alishinda 26, lakini alipoteza 15. Kwenye kura za mchezaji bora Newhouser akawa wa pili, nyuma ya Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa waliopata kuzaliwa. Huyo ndiye mtu aliyebebwa na vita?

Mwaka 1948 akashinda 21. Siku ya mwisho ya msimu, tarehe 3 Oktoba, bega lake limeshaanza kumsumbua, alipanda kichuguu kule Cleveland mbele ya watu zaidi ya 70,000 waliokuja kusherehekea ubingwa wao. Aliyesimama upande wa pili ni Feller mwenyewe. Tigers walikuwa hawana cha kushindania, wangeweza kwenda kulala. Newhouser akashinda 7 kwa 1, sherehe ikaahirishwa, Cleveland wakawa sawa na Boston, wakalazimika kwenda huko kucheza mechi ya ziada. Kuanzia 1946 hadi 1950, miaka mitano ya amani, alishinda 97 na kupoteza 62. Lakini waandishi waliokuwa wakipiga kura za Jumba la Umaarufu, mahali wanapoenziwa wachezaji wakubwa wa besiboli, hawakumpa kura za kutosha mwaka hata mmoja.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye mikutano mingine hapa mjini hulisikii, na ninalisema kama Mwafrika. Kabla ya tarehe 15 Aprili 1947, siku Jackie Robinson alipokanyaga uwanja akiwa na Brooklyn, mchezaji mweusi alikuwa haruhusiwi kwenye ligi hizo, kwa makubaliano ya wenye timu. Satchel Paige, mrushaji ambaye wazungu wenyewe waliocheza naye mechi za kirafiki walimsifu bila kusita, alifunguliwa mlango mwaka 1948 akiwa na miaka 42. Josh Gibson, mpigaji wa kutisha, alikufa Januari 1947 akiwa hajafunguliwa. Babe Ruth alipopiga mipira 60 kuvuka uzio mwaka 1927, hakuna hata mmoja uliorushwa na mtu mweusi. Kuna aliyesema Ruth alibebwa?

Kama tunampunguzia Newhouser kwa sababu ya waliokuwa hawapo, basi tupunguze kwa wote, tuanze na wale wa kabla ya 1947. Hao waliokosekana kwa vita walikosekana miaka mitatu au minne. Waliokosekana kwa rangi walikosekana zaidi ya nusu karne. Na Detroit Tigers wenyewe, timu ninayoipenda, hawakuwa na mchezaji mweusi hadi tarehe 6 Juni 1958, alipokuja Ozzie Virgil kutoka Jamhuri ya Dominika. Timu zote zilikuwa zimeshafungua isipokuwa Boston. Siwezi kusimama hapa kuisifu Detroit nikalificha hilo.

Nisogee mbele, maana nasikia harufu ya pilau.

Mkono ulikwisha. Kuanzia 1944 hadi 1949 alikuwa akirusha kati ya zamu 272 na 313 kila mwaka. Mrushaji wa siku hizi akifika 200 wanampigia makofi. Bega likadai chake. Mwaka 1953 Detroit wakamwachia akiwa na ushindi 200. Aliyemwokota alikuwa nani? Hank Greenberg, ambaye sasa alikuwa mkuu wa Cleveland. Newhouser akakubali kuwa mrushaji wa akiba, akashinda mechi 7 na kupoteza 2, Cleveland wakashinda mechi 111 kwenye msimu wa 1954. Mwaka 1955 akamaliza: ushindi 207, kupoteza 150.

Umri karibu miaka 34. Wazazi, mtoto wenu akimaliza mchezo akiwa na miaka 34, atafanya nini na miaka iliyobaki? Newhouser alikwenda kufanya kazi benki, kule Pontiac, karibu miaka 20. Suti, meza, mikopo ya watu. Na alirudi viwanjani akiwa msaka vipaji, kazi ileile ya yule mzee Wish Egan. Akiwa na Baltimore Orioles alimsainisha Milt Pappas, kijana wa Detroit, ambaye alikuja kumaliza na ushindi 209, miwili zaidi ya wa mwalimu wake. Alimsainisha pia Dean Chance wa Ohio, aliyechukua tuzo ya mrushaji bora mwaka 1964.

Kisha ikaja 1992. Sasa Newhouser ana miaka 71 na anaisakia vipaji Houston Astros, walio na haki ya kuchagua wa kwanza nchi nzima, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Akaenda Kalamazoo. Ndiyo, Kalamazoo hii, saa moja kwa gari kutoka tulipokaa. Alikuwa akimtazama kijana mmoja mwembamba wa shule ya Kalamazoo Central, baba mweusi, mama mzungu. Alimtazama mara nyingi, kwenye baridi ya masika ya hapa mnayoijua. Alikaa na wazazi wake. Akarudi Houston akawaambia wakubwa zake: mchukueni huyu. Kama anataka dola milioni moja, mpeni, thamani yake ni hiyo.

Waliogopa fedha. Wakamchagua Phil Nevin wa California, mchezaji mzuri aliyecheza ligi kuu misimu 12, simdharau. Kijana wa Kalamazoo akachukuliwa wa sita na New York Yankees. Anaitwa Derek Jeter. Mapigo 3,465, mabingwa mara tano, Jumba la Umaarufu kwa kura 396 kati ya 397.

Newhouser hakusubiri kuyaona hayo ndipo akasirike. Aliacha kazi. Mzee aliyekuwa na uhakika wa macho yake aliona ameshauri kwa moyo wote na hakusikilizwa, akaondoka. Na mimi namwona yule kijana wa dola 500, ambaye 15,000 zilichelewa mlangoni kwao, akisema mbele ya matajiri: mlipeni mtoto wa watu anachostahili. Kama ni hasira, basi niliyoipenda ni hii. Haikuvunja chupa ya mtu.

Kiangazi hichohicho cha 1992, tarehe 2 Agosti, kamati ya wakongwe ikiwa imemchagua baada ya waandishi kushindwa, Hal Newhouser aliingizwa rasmi kwenye Jumba la Umaarufu huko Cooperstown, New York. Miaka 37 tangu arushe mpira wake wa mwisho! Mwaka 1997 Detroit wakaistaafisha jezi yake namba 16, akiwa bado hai. Alifariki tarehe 10 Novemba 1998.

Mkienda Detroit, ingieni uwanja wa Comerica. Nyuma ya uzio wa kushoto mtaikuta sanamu yake, pamoja na ya Greenberg, na ya Willie Horton, mtoto mweusi aliyekulia Detroit na kuipenda Detroit. Uwanja wa zamani, ule wa Briggs, kwenye kona ya barabara za Michigan na Trumbull, ulibomolewa, lakini kiwanja chenyewe kipo na siku hizi watoto wanacheza hapo. Tunapanga kuwapeleka vijana wetu kiangazi hiki, wakaone na wakarushe mpira palepale. Mzazi anayetaka mtoto wake aende, aandikishe jina pale mezani kabla ya kuchukua sahani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Sasa maswali. Naona mzee pale mbele ameshanyanyua mkono. Karibu, mzee wangu.